Kiazi cha Maji Mawili

Nettle Grove, Portland
9 Februari 1986

Dada Verlyn,

Baba amefika. Wewe ndiye uliyeniletea mgeni huyu, basi wewe ndiye wa kusikia habari zake.

Alishuka kwenye lori la ndizi asubuhi, kofia kichwani, miguu imevimba hata kamba za viatu hazifungiki. Nilikuwa mlangoni pa jiko langu nikiwapakulia wateja. Tukatazamana. Unajua tulivyoachana. Nilitoka kwake nina miaka kumi na tisa, sasa nina arobaini, na katikati hapo hatujawahi kulala chini ya paa moja. Nikawa nawaza neno lake la kwanza litakuwa lipi. Akaziangalia rasta zangu kuanzia utosini mpaka kiunoni, akasema, "Nywele zote hizo, na bado hujapata mwanamke wa kukuchana?"

Wateja wakacheka. Mimi nikampokea mfuko wake.

Umeandika kwamba madaktari wa Kingston wamesema ni presha, chumvi asiguse na nyama aache. Basi umempeleka mahali pake, dada. Kwangu chumvi haivuki kizingiti. Hapa tunakula kilichoota, kikiwa na maganda yake na nguvu zake, kama Jah alivyokiumba.

Jana nilimpikia mbaazi na boga kwa tui zito, thaimu, vitunguu vya majani, na pilipili mbuzi nzima inayoelea bila kupasuka. Pembeni kiazi kikuu cha kuchoma. Alikoroga bakuli kama mtu aliyedondosha pete.

"Alric, mnyama wa humu katorokea wapi?"

"Hakuwahi kuwemo, Baba."

"Basi hii si supu. Haya ni maji waliyoogea mboga."

Hakula. Hebu fikiria, mchinjaji mzima wa Buff Bay, mezani kwa Rasta! Lakini leo nimempa uji wa ndizi mbichi wenye tui na kungumanga, na nilipogeuka nikakuta bakuli limebaki nusu. Hajasema ni mtamu. Amesema haujamuua.

Mdogo wako,
Ras Alric


Vineyard Town, Kingston
17 Februari 1986

Mdogo wangu Alric,

Nilisoma barua yako wodini, wagonjwa wakaniuliza nacheka nini. Asante kwa kumpokea. Najua haikuwa rahisi, na najua nilikushtukiza. Mimi hapa nashinda hospitalini, yeye Kingston haitaki, na nikafikiri jiko lisilo na chumvi wala nyama ndilo salama kuliko yote.

Sasa nina ombi, na nakusihi usiligeuze kuwa ugomvi. Maji ya dafu usimpe kabisa. Ndizi mbichi, viazi vikuu, mchicha, boga, mbaazi na parachichi, mpunguzie sana, na ukiweza acha. Mpe wali mweupe, kabichi, chocho kidogo, lile tunda la kijani lenye majimaji, mkate mweupe usio na chumvi. Najua hivyo si vyakula vyako.

Usiniulize sababu. Lichukue kama neno la muuguzi, na kama huwezi, lichukue kama neno la dada yako. Nimetuma vidonge. Asubuhi na jioni, na uhakikishe anameza, maana huwa anavificha shavuni.

Je, analala vizuri? Anajikuna? Niandikie.

Verlyn


Nettle Grove
2 Machi 1986

Dada,

Wali mweupe! Nimeisoma barua yako mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Mchele uliovuliwa nguo, unga uliopaushwa kama shuka ya hospitali, ndivyo nimlishe mgonjwa? Halafu ndizi yangu niliyoipanda kwa mkono wangu, mchicha niliouchuma na umande wake, ndiyo sumu?

Nakuheshimu, wewe ni mkubwa kwangu. Lakini sema ukweli: unaona haya. Wauguzi wenzako wakikuuliza baba yuko wapi, huwezi kusema yuko mlimani kwa mdogo wako mwenye rasta. Ungekuwa na sababu ya kitabibu ungeitaja. Wewe hujawahi kuficha jina la ugonjwa, hata wa kuku.

Na nikuambie kitu kingine. Baba anakula! Wiki ya pili alianza kwa kulalamika, wiki ya tatu akaanza kulalamika huku akipakua mwenyewe. Mchicha wa tui amekula mpaka amefuta sahani. Uji wake wa ndizi anautaka kila asubuhi, na dafu ananituma kulipasua kama nimeajiriwa. Siku hizi anakaa kwenye benchi la jiko anawatania wateja: "Karibuni, leo tuna majani, na kama hamtaki majani, tuna majani." Watu wanacheka, wanakula, wanarudi.

Nilimsomea ombi lako. Akasema, "Verlyn tangu mdogo aliogopa hata mkebe ukidondoka. Pasua dafu."

Kuchoka anachoka, sikatai. Mwinuko wa nyuma ya nyumba anaupanda kwa vituo. Anajikuna mikono na mgongo. Lakini mimi najua ni nini. Ni nyama ya miaka sabini inamtoka mwilini. Uchafu ukitoka lazima upite kwenye ngozi.

Mwache kwangu, dada. Kwa mara ya kwanza maishani kuna kitu nakifanya na yeye anakipenda.

Alric


Vineyard Town
8 Machi 1986

Baba,

Barua hii ni yako peke yako. Nimeifunga kwa gundi, na nakuomba uisome Alric akiwa shambani.

Mwambie. Nakupigia magoti, mwambie. Ulipoondoka hapa tulijua tu kwamba figo zimechoka, na daktari alisema nyama na chumvi basi. Majibu ya damu ya pili yalikuja ukiwa umeshafika huko, na nilikuandikia. Figo zako hazifanyi kazi tena ila kidogo sana. Yale madini yaliyojaa kwenye ndizi, dafu, mchicha na viazi, mtu mzima anayakojoa, wewe yanabaki ndani. Yakizidi, moyo unasimama. Hautatoa taarifa, Baba. Utasimama tu, ukiwa umekaa kwenye benchi unatania watu.

Nimejaribu kumkataza bila kumtajia, na matokeo yake anadhani namdharau. Uliniapisha kwa kaburi la mama, nikaapa kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Sasa nifungue. La sivyo nitakuja kumwambia mwenyewe, na mama atanisamehe.

Verlyn wako


Nettle Grove
14 Machi 1986

Verlyn,

Mkono wangu mzito, sitaandika mengi.

Nimesoma. Hapana.

Huyu mtoto anaamka kabla ya jogoo kunipikia. Anaimba akipika. Nikimaliza sahani ananitazama kama alivyokuwa akinitazama ana miaka sita akiniletea samaki wa mtoni. Leo nimwambie kwamba chakula chake ndicho kinachoniua? Niliwahi kumvunja moyo mara moja. Sina nguvu ya mara ya pili.

Na sababu ile nyingine unaijua. Ile ndiyo kubwa. Akijua ni figo, siku hiyohiyo atajua na lile la pili.

Nitapunguza kwa hila. Dafu nitamwaga chini ya mgomba akigeuka. Nitasema nimeshiba. Niache.

Usivunje kiapo, binti yangu.

Baba yako,
H. Tulloch


Hospitali, Port Antonio
27 Machi 1986

Verlyn,

Leo sikuiti dada.

Siku ya Jumanne Baba alikuwa kwenye benchi. Alikuwa anakataa chakula siku kadhaa, anasema ameshiba, nami nikawa namhangaikia, nikazidisha. Nikampikia kila anachokipenda. Mchicha wa tui, ndizi mbichi, boga la kuchoma. Alikula kwa sababu nilisimama juu ya kichwa chake. Sikiliza vizuri: nilisimama nikamlazimisha, na yeye akanitazama, akala mpaka mwisho.

Baadaye akataka kunyanyuka, miguu ikamkataa. "Alric," akasema, "mbona sakafu ni laini?" Midomo ilikuwa ya rangi ya jivu. Niligusa shingo yake, moyo ulikuwa unapiga kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, dereva wa lori la ndizi akateremsha mzigo wake kando akatuleta.

Daktari ni kijana. Alimchoma sindano, akakaa naye, moyo ukarudi. Kisha akatoka nje akaniuliza mbele ya watu, "Nani alikuwa anamlisha huyu mzee ndizi na mchicha?" Nikasema mimi, tena kwa fahari, nikidhani anataka kunipongeza. Akasema, "Mtu ambaye figo zimekufa? Ulitaka kumuua?"

Mlijua. Wote wawili mlijua. Mlinifanya nimlishe baba yangu kifo kwa kijiko, huku nikiimba.

Usije.

Alric


Vineyard Town
31 Machi 1986

Alric,

Nilikuja hata hivyo, na uliniona. Ulisimama mwisho wa wodi, mikono umeifunga kifuani, nilipokusogelea ukatoka nje kwenye mvua. Sikulaumu. Ninayokuandikia ndiyo niliyotaka kukuambia pale.

Kosa ni langu kuliko la Baba. Mimi ndiye muuguzi. Kiapo kisingenizuia kama ningekuwa na moyo, na kila usiku tangu Jumanne ile najiuliza ningesema nini juu ya jeneza lake.

Lakini kuna jambo moja hulijui, na sasa nalitaja. Baba hakuficha kwa sababu ya chakula tu. Siku daktari alipotuambia ni figo, alisema pia kwamba mtu anaweza kupewa figo moja na ndugu wa damu, na akaishi. Nilipimwa wiki hiyohiyo. Damu yangu haipatani na yake. Daktari akauliza, "Ana mtoto mwingine?" Baba akasema hana.

Tulipotoka nje akanishika mkono kwa nguvu, Alric, mpaka ukaniuma. Akasema, "Kijana wangu akisikia, atajipasua mwenyewe kwa kisu cha mboga. Nilimfukuza bila shati la kubadili. Sitachukua kitu kutoka ndani ya mwili wake. Na watu wa imani yake mwili hawaukati. Nimvunjie na imani?" Ndipo akaniapisha.

Sikuombi kitu. Naandika tu ujue.

Hapana, nimeusoma mstari huo tena, nao si kweli. Nimekaa hapa na kalamu, ni muuguzi, nimeona watu wa umri wake wakipewa figo wakarudi mashambani. Nitakuwa mwongo nikisema sijawaza. Lakini sikuombi.

Kwa chakula: menya kiazi kikuu, kikate vipande vyembamba, kiloweke kwenye maji mengi, yamwage. Kichemshe kwa maji mengine mengi, nayo uyamwage. Yale madini yanatoka na maji. Ladha nayo inatoka, nisamehe. Hata hivyo kiwe kidogo tu, si kila siku. Ndizi, dafu, mchicha na boga sahau.

Verlyn


Nettle Grove
20 Aprili 1986

Dada Verlyn,

Nimerudi kukuita dada. Hasira ilinichosha.

Amerudi nyumbani tangu wiki iliyopita, mwepesi kama ganda la mbaazi. Kwanza nikuambie anachokula, maana najua ndicho unachosubiri. Asubuhi uji mwembamba wa unga wa mahindi, bila tui, na majani ya mdalasini. Mchana wali mweupe, kabichi niliyoikaanga kwa mafuta kidogo ya nazi, kitunguu, pilipili hoho na thaimu nyingi, maana chumvi haipo na utamu lazima utoke mahali. Chocho nalipika kwa limau na tangawizi. Jioni maharage machanga ya kijani, au madonge ya unga mweupe ya kuchemsha. Nanasi kipande kimoja. Kiazi kikuu cha maji mawili nampa Jumapili.

Nilikwenda dukani kununua mchele mweupe, mwenye duka akanitazama kama kwamba nimeagiza nguruwe. "Ras, huu ni wa kwako?" Nikasema ni wa kwangu. Mimi ninayewahubiria watu chakula safi miaka yote hii! Sasa najua usafi wa chakula unategemea nani anakila. Inauma, lakini ndivyo.

Na mimi nakula hichohicho. Sahani moja na yeye.

Sasa lile jingine. Nimekaa nalo tangu barua yako ije. Kwanza nilijiambia ni nadhiri. Mwili wangu ni hekalu, wembe haujapita kichwani, chuma hakitapita tumboni. Ni maneno mazuri na ninayaamini. Lakini kila nikiyaondoa pembeni kidogo, chini yake nakuta kitu kingine kimejikunyata, nacho ni woga. Naogopa kisu. Naogopa kuamka nikiwa nimepungua. Na chini ya woga kuna kitu kibaya zaidi, sauti inayouliza: mtu aliyesema hana mtoto mwingine, nampa nini?

Najua kwa nini alisema vile. Umenieleza. Sauti bado inauliza.

Sitaki, dada. Hilo ndilo jibu, na hakuna aliyeniuliza. Nimeliandika ili nione linafananaje kwenye karatasi.

Usimwambie. Anatazama mikono yangu siku nzima, nafikiri anashuku kwamba najua. Nitamwambia mwenyewe, mchana, uso kwa uso. Nikishindwa nitakuandikia kwamba nimeshindwa.

Alric


Nettle Grove
4 Mei 1986

Verlyn,

Barua yako imefika, nimeelewa. Nafasi kwenye mashine ya kusafisha damu imepatikana, na ulipigana na watu kuipata. Nakujua, najua ulivyopigana. Nitakuja. Nilisema Kingston sitakanyaga, lakini nilisema mengi.

Sasa nikueleze ya huku, kwa kuwa Alric hatakueleza vizuri.

Alhamisi alikuwa anamenya chocho, mimi nipo kwenye benchi. Wateja walikuwa wameondoka. Akaniambia, bila kuinua kichwa, "Baba, Verlyn amenieleza kwa nini ulificha."

Nikasema, "Verlyn ana mdomo kama kengele ya kanisa."

Hakucheka. Akainua kichwa. "Nimefikiri," akasema. "Figo yangu sitaitoa. Siwezi."

"Nani kakuomba?"

"Hakuna."

"Basi unakataa nini?"

"Nakataa mapema, kabla hujaanza kujifanya huitaki."

Kisu alikiweka chini, Verlyn. Mtu mzima, mvi ndevuni, amesimama mbele yangu kana kwamba nina fimbo.

Nitakuambia ukweli, maana umri wa kudanganya umenipita. Iliniuma. Nilikuapisha ili asiulizwe, nilimwambia daktari sina mtoto mwingine, na bado aliposema hapana, kitu kiliniuma ndani kama mtoto aliyenyimwa chakula. Nikajua kumbe nilikuwa natumaini. Mzee mjinga! Miezi yote hii najiita mtu mwema kwa kumficha, kumbe pembeni moyo umekaa umetega bakuli.

Neno la matusi lilifika mpaka kwenye meno. Lilelile la zamani, unalijua. Nikalimeza. Nikamngoja aondoke, kwa sababu ndivyo anavyofanya. Hakuniambia hapana hata siku moja akiwa kijana. Alikuwa ananyamaza, kisha unakuta kitanda kitupu.

Hakuondoka. Alisimama palepale, machozi yanaingia kwenye ndevu, akaendelea kumenya lile chocho mpaka likaisha. Kisha akauliza, "Nikutilie tangawizi au limau tupu?"

Nikasema, "Vyote viwili."

Basi tukala.

Sasa sikiliza maagizo yangu. Tunakuja Jumapili kwa lori la ndizi. Nasema tunakuja, maana Alric anafunga jiko lake na anakuja na sufuria zote. Anasema hospitali haijui kupika, na wewe hujui zaidi ya hospitali. Atatafuta kibanda karibu na hapo mashine ilipo, auze chakula kwa wagonjwa na jamaa zao, kila mtu cha kwake kulingana na ugonjwa wake. Ameshaanza kunisumbua na maswali: wa sukari anakula nini, wa moyo anakula nini. Nimemwambia amuulize dada yake.

Amesema pia kwamba hataki kuwa mzigo, atalala barazani. Asilale barazani. Mpe chumba cha mbele chenye dirisha, na majirani wakikuuliza ni nani, uwatajie jina lake na ubini wake.

Habari ya figo usimuulize. Si leo, si mwaka ujao, si hata mimi nikiwa nimelala nakata roho. Usimtazame tumbo ukidhani haoni. Umenielewa? Ukimuuliza, naapa nitaketi sebuleni kwako nile mkungu mzima wa ndizi, mbivu na mbichi.

Daktari wa huku anasema mashine itanipa miaka, au isinipe. Sikumwuliza mingapi.

Ananiita, chakula kiko tayari. Ni kabichi tena. Naenda, maana ikipoa inakuwa mbaya zaidi, na yeye haanzi kula mpaka niwe nimekaa.

Baba yenu,
Hezekiah Tulloch